Gundi Imekauka, Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu ile Jumapili mchana ulipofunika kopo la gundi ukasema, "Najinyoosha kidogo, hii ikauke." Gundi imekauka. Wewe hukuamka. Mama anasema katika ndoa yenu yote hiyo ndiyo mara pekee uliyolala bila kukoroma, na hapo ndipo alipojua pana jambo.

Wasiokufahamu waambiwe: ulikuwa mtengeneza vibao vya maduka, na mabaki ya plastiki uliyotakiwa kuyatupa uliyaleta nyumbani kwapani. Kwa miaka sita ukajenga chombo cha angani juu ya meza yetu ya kulia, urefu mita mbili na nusu, mkia ukiegemea kabati la vyombo. Si kile cha kununua kwenye boksi ukaunganisha tu. Ulikichora mwenyewe nyuma ya kalenda kuukuu, ukakwaruza plastiki kwa kisu na rula ya chuma, ukavunja: ta! Ukapiga msasa, ukaunga, ukabandua, ukaanza upya. Ubawa wa kushoto, mtu akiinama, bado unasomeka KINYOZI BORA.

Nasi tulikula sahani zikiwa magotini. "Vumilieni, nakaribia kumaliza," ulisema, mwaka wa kwanza hadi wa sita.

Ulikuwa na moyo mkunjufu. Ndoo yoyote ya mtaani iliyopasuka ililetwa kwako, ukaiziba hata bila kuuliza ni ya nani, ila kifuniko hakikurudi. Zile injini nane za chombo ni vifuniko vya majirani. Matangi ya mafuta ni rola za nywele za Mama. Alizitafuta mwaka mzima, nawe ukamsaidia kuzitafuta, Baba, ukainama hadi chini ya kitanda! Mungu anakuona.

Siku ulipoziba ubavu wa mwisho ulituita sote, na mdogo wako, Baba Mdogo seremala, akaja. Ukaivuta meza kidogo kutoka ukutani, ukatuchungulisha madirishani: viti mia mbili, jiko la abiria, hata kamba ya kuanikia nguo. Mama akakizunguka chombo, mikono kiunoni.

"Mlango uko wapi?"

"Mlango gani?"

"Wa kuingilia, mume wangu. Abiria mia mbili hawa wanaingilia wapi, dirishani kama wezi?"

Baba Mdogo alicheka hadi akapaliwa. Wewe ukanywea. Siku tatu hukusema ila "asante" na "nimeshiba," na habari ya mlango haikutajwa tena mle ndani. Mama alijuta papo hapo. Hakukwambia, alikupikia tu. Miezi miwili baadaye ukatutoka, na maneno yale yakabaki yakimkereketa. Alidhani umeondoka na kinyongo, kwamba kazi yako ya miaka sita aliicheka mbele za watu.

Basi akasema mwaka ukitimia chombo kiondoke, anataka meza yake. Tulijua si meza. Baba Mdogo akaambiwa aje Jumamosi na msumeno, akikate vipande vitatu.

Ijumaa Mama akachukua brashi. "Hakiendi kukatwa na vumbi lake, watu watasema nini?" Akaivuta meza kutoka ukutani, akapita upande ule ambao hakuna apitaye. Tukasikia brashi imenyamaza.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakukosea. Kumbe zile siku za kununa ulikuwa kazini! Kulikuwa na mlango, Baba, kimo cha kidole, bawaba zake ni pini za Mama za kushonea. Unafunguka na kufungika. Nje yake kizingiti, na juu ya kizingiti jozi ya ndala za plastiki, kila moja kama punje ya mchele.

Ndala! Miaka thelathini na moja Mama alipiga kelele, "Ndala zibaki nje, unaniletea takataka za plastiki ndani!" na miaka thelathini na moja uliingia nazo. Huko kwako umezivua, umezipanga vizuri, moja kando ya mwenzake. Mama alikaa sakafuni akacheka mpaka tukaogopa. Halafu akalia, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. "Alinisikia," akasema. "Alikuwa ananisikia huyu mtu."

Jumamosi Baba Mdogo alifika na msumeno begani. Mama hakumruhusu hata kuvuka mlango.

"Rudi nao, shemeji. Mwenyewe yumo ndani."

Wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye kila asubuhi hupita nyuma ya meza na kupiga hodi, sisi wanao watatu tunaokula bado sahani zikiwa magotini, wajukuu zako, mdogo wako seremala, na majirani wote wenye ndoo zisizo na vifuniko.

Hutatutoka moyoni siku zote za uhai wetu, Baba, na ndala zako hatuzigusi.