Si Ile Ndoo ya Maji

S.L.P. 417
Tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Shemeji hajambo? Na kifua chako, kimetulia na baridi ya huko? Sisi tunashukuru. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi haujambo, waulize majirani.

Mimi bado naosha vyombo katika maabara ya hospitali ya wazazi, na siku hizi napokea pia sampuli. Mtoto akishazaliwa, wakunga hutuletea kondo la nyuma pamoja na ule utando uliomzunguka tumboni, ambao sisi huuita chupa. Mkuu wetu, mama mmoja mpole anayefunga miwani kwa kamba, huuchunguza.

Wiki iliyopita alinieleza anachokitafuta. Siku zikitimia, utando huo huchakaa, na chembe zake hutoa kemikali zinazousaidia mji wa mimba kuanza uchungu. Mara nyingine maambukizi huziamsha kemikali hizo kabla ya wakati, na mama mwenyewe hana habari.

Nikamuuliza, "Na mjamzito akibeba ndoo ya maji?"

"Wengi huambiwa hivyo," akasema. "Miaka kumi na tano nachunguza tando, sijakuta ndoo hata moja."

Wenzangu wakacheka. Mimi nilitoka nikasimama koridoni, karai tupu mkononi.

Mdogo wangu, uchungu ulipokushika mimba ikiwa ya miezi saba, ni mimi niliyesema mbele ya shangazi na mama mkwe wako kwamba umejitakia, umekatazwa ndoo ukabeba. Mtoto alipofariki, neno hilo lilikuwa limeshaota mizizi. Mwaka wa tisa huu hujakanyaga nyumbani, na sina uso wa kukuuliza kwa nini.

Kuna jambo hawakulijua. Zamu ya maji ilikuwa yangu. Nilisema kichwa kinaniuma, nikajilaza, nawe ukachukua ndoo bila kunung'unika. Baadaye niliogopa kuulizwa, nikakutwisha wewe lawama.

Nilimuuliza mkuu kama anaweza kujua kilichokusibu. Akasema hapana, kwa kuwa utando wako haukuchunguzwa. Kwa hiyo sina jibu la kukuletea, nina kosa langu tu. Nisamehe, ukiweza.

Jumapili nilimweleza mama yote. Akasema, "Mwandikie. Mwambie na mimi nilinyamaza." Kesho nakwenda kwa shangazi, nimwambie kwa mdomo uleule.

Nisalimie shemeji, na wifi yako anayekaa nanyi. Shangazi mdogo na kaka wanakusalimu. Mungu akutunze, akupe usingizi mwema.

Siku zile tulikuuliza umefanya nini, umebeba nini, umekula nini. Hakuna aliyekuuliza mlikuwa mmemchagulia jina gani. Ningependa kulijua, nimwite nikimwombea.

Wako akupendaye, ingawa nilikukosea,

Dada yako