Bango la Mama Oresta

Jumatano, Machi. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na baridi ya Sumbawanga imeingia mpaka kwenye blanketi.

Leo tumemzika Mama Oresta.

Niandike tangu mwanzo, maana kichwa changu hakitulii. Mji wetu unaomba kutambuliwa kimataifa kuwa mji wa usanifu. Wageni watakaotukagua wanafika Ijumaa. Mimi natengeneza mabango, kwa hiyo niliingizwa kwenye kamati. Nilifurahi. Nilijiona mtu.

Mwenyekiti alitaka vyungu viwili vikubwa vya kusimama mlangoni mwa ukumbi wa maonyesho, hata kama vitakuwa vibichi bado, vile vya kupikia pombe ya ulezi, ambavyo siku hizi hakuna anayevihitaji kwa sababu kila nyumba ina pipa la plastiki. Mfinyanzi anayeviweza ni Mama Oresta wa Kizwite. Nilitumwa mimi kwa sababu ananifahamu tangu nikiwa mtoto.

Aliniambia udongo mzuri wa juu umekwisha, uliobaki uko ndani kabisa ya shimo, na mvua hizi si za kuchimba. Tusubiri jua la Mei. Nikamjibu kwamba wageni hawasubiri. Kesho yake nikamrudia, nikambembeleza. Nilisema mji mzima unamtegemea yeye.

Akacheka, akakubali.

Jumatatu alishuka shimoni na mkwewe, Skola. Ukingo ukaporomoka. Majirani walimtoa Skola akiwa hai, mguu umevunjika. Mama Oresta walimfikia baadaye sana. Nilikuwepo walipomtoa. Mikono yake sitaielezea hapa.

Jana kamati ilikaa. Tulisimama kimya kidogo, tukakaa, tukaendelea na suala la chai ya wageni. Kisha Mwenyekiti akasema picha ya marehemu iwekwe kwenye bango kubwa, na chini yake niandike kwamba alijitolea maisha yake kwa ajili ya sanaa ya Ufipa. Mjumbe mmoja akaongeza kwamba habari ya shimo isitajwe, itawatisha wageni. Wote wakaitikia.

Na mimi niliitikia.

Leo, baada ya padri kuondoka makaburini, nilimwendea mumewe. Nikamwamkia shikamoo, nikampa pole, nikamweleza habari ya picha. Niliona ni haki yake kujua. Baba Oresta alikuwa na matope mpaka magotini.

"Picha iweke, mwanangu," alisema. "Watu wamwone. Ila usiandike kwamba alijitolea. Alikataa, mkamrudia."

Alisema *mkamrudia*. Hakusema *ukamrudia*. Angeweza.

Sikwenda nyumbani. Nilifungua ofisi, nikafuta yale maneno ya kamati, nikaandika mengine: *Mama Oresta, mfinyanzi wa Kizwite. Alifariki akichimba udongo kwa ajili ya maonyesho haya. Alikuwa ameomba tusubiri mvua ziishe.* Nikachapa, nikalibeba bango mwenyewe mpaka ukumbini, nimelifunika kwa turubai.

Mwenyekiti alikuwa akiwaelekeza vijana wapange viti. Akasoma. Akasoma tena. Si mtu mbaya. Alichangia jeneza, na kanisani nilimwona akifuta macho. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mji huu haujawahi kupata nafasi kama hii, kwamba soko la vikapu na vyungu litafunguka, kwamba watakaofaidika ni kina mama haohao. Huenda ni kweli. Kisha akawaamuru vijana waligeuze bango lielekee ukutani.

"Ukiligeuza, Ijumaa nitasimama hapo nilisome kwa mdomo," nilimwambia.

Akaniangalia kama mtu asiyenijua. Akasema nikapumzike, msiba umenichosha, tutaongea kesho. Niliondoka. Sikugeuka kuangalia kama bango bado limesimama.

Sasa niko kitandani na naogopa. Wateja wangu karibu wote ni ofisi za mji huu, na Mwenyekiti anafahamika kwenye kila mlango ninaobisha. Sijawahi kusema mbele ya watu bila sauti kukatika. Skola bado yuko hospitali na sijaenda kumwona, kwa aibu. Kesho nitaanzia huko, kabla sijapokea simu ya mtu yeyote.

Maana najua Mwenyekiti atakavyonipigia. Hatanifokea. Atanibembeleza, ataniambia mji mzima unanitegemea.

Nitaweza kukataa?