Hatujaitwa

Jumapili, 9 Machi

Ulikuwa wapi wewe Parehuia? Tangu Krismasi hujagusa daftari! Kalamu imekauka, imebidi niilambe. Na usisingizie macho — macho ya kutazama raga unayo.

Haya, ukweli. Naona uzito kuandika kwa sababu Tiripa hanisahihishi tena. Huyu mdogo wangu ndiye aliyenifundisha herufi, nikiwa tayari bibi wa wajukuu, kwenye meza hii hii ya jikoni. Shule mimi niliipita tu njiani nikienda kukamua ng'ombe. Siku hizi nikimpa ukurasa anautazama, anatabasamu, ananirudishia.

Ngawai, binti yake, amepiga simu kutoka Hamilton. Ametukatia tiketi tukatembee kile kijiji cha sinema, cha watu wafupi wenye milango ya mviringo. Kisha sauti ikashuka. Mama mkubwa, mama akipotea tena kama pale supamaketi, namchukua, namweka nyumba ya wazee Auckland. Usinifiche kitu. Nikasema sikufichi. Mdomo huu!

Auckland. Nani kule atajua kwamba anakunywa chai kwenye bakuli?

Jumanne, 11 Machi

Nimeshona jina lake na namba yangu ya simu ndani ya koti lake. Akaona. "Dada, mimi mbwa?" Nikamwambia mbwa ana adabu kukushinda. Tukacheka mpaka akapaliwa.

Halafu akauliza kama mama atakuja na sisi. Mama! Tulimzika pamoja.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika yote, kama yalivyokuwa.

Asubuhi ilikuwa shwari. Basi, vilima, kondoo. Kiongozi wetu mwanamke mmoja mchangamfu, Bronwyn, uso umeungua jua. Tusiachane, akasema, tusivuke vijiuzio, nyuma yetu kuna kundi jingine. Nikamkamata Tiripa mkono kama pingu. Vilango vya kila rangi kwenye kilima, moshi unatoka, nguo ndogo zimeanikwa. Na nyuma ya mlango hamna kitu, udongo tu! Nikauliza kwa sauti, nani anafua nguo za nyumba isiyo na watu? Mmarekani mmoja akacheka mpaka akashika mti.

Nikamwachia mkono nipenge kamasi. Kamasi tu! Tumefika kwenye baa kule bondeni, wanakogawa bia, nageuka — Tiripa hayupo.

Nilikimbia. Na magoti haya! Nikaona ziwa, nikateremka mpaka ukingoni. Ziwani hayupo. Nikapanda njia yote, Bronwyn nyuma yangu anaongea na simu ya upepo.

Alikuwa kwenye kigeti cha mlango wa njano. Amesimama wima, mkoba tumboni, kichwa kimeinama, kama tunavyosimama kwenye geti la ukumbi wa ukoo tukienda msibani, tukingoja mwanamke wa wenyeji atuite kwa wimbo ndipo tuingie. Kundi la nyuma limekwama, haliwezi kupita.

"Twende Tiripa, bia inatungoja."

"Hatujaitwa."

Bronwyn akamwambia kwa upole, bibi, ndani hamna mtu, ni mlango wa sinema tu. Tiripa akamtazama kama anamtazama mtoto aliyekalia mto wa kulalia, mwiko kwetu. "Wenyewe hawajatuita," akasema. "Nyie mnaingiaje?"

Nikamvuta. Akawa jiwe. Machozi yakaanza kumtoka, kidevu kinacheza, anadhani wenyeji wamemkataa. Watu wameinua simu. Bronwyn ananong'ona, niite daktari? Nipige simu kwa familia? Familia! Ngawai!

Sasa, mwito si kazi yangu. Mimi mtu wa jikoni, wa viazi na masufuria. Mwitaji wa ukoo ni Tiripa, tangu msichana. Lakini nani mwingine? Nikaruka kile kijiuzio — Bronwyn akasema "Bibi!" — nikakanyaga maua yao, nikaegemeza mgongo kwenye ule mlango wa njano. Nikaita.

Sauti ilitoka kama bawaba yenye kutu. Lakini ilitoka.

Na Tiripa akainua uso, akanijibu. Ile sauti yake! Akasalimu kilima, akasalimu wafu wetu, mmoja baada ya mwingine, hakuruka hata mmoja. Na mama akamtaja. Kati ya wafu, mahali pake hasa.

Akaingia getini polepole, tukagusanisha pua, salamu yetu. Akaninong'oneza: "Umeita vibaya. Chai iko wapi?"

Ijumaa, 14 Machi

Ngawai kapiga asubuhi, analia. Mmoja wa wale wenye simu kasambaza video. Anadhani tulipanga! Mama mkubwa, mama alivyoimba! Basi yuko sawa, eh? Hakupotea hata kidogo?

Nikasema kettle inachemka. Haikuwa inachemka. Akasema anakuja leo, ana keki.

Nimekaa na kalamu tangu hapo. Nikisema, anamchukua. Nisiposema, siku moja litakuwa ziwa kweli.

Mvua imeanza. Tiripa yuko nje — namwona dirishani. Geti langu mwenyewe, ambalo maisha yake yote alilipita bila hodi na kufungua friji yangu. Amesimama. Mkoba tumboni, kichwa kimeinama, nywele zinalowa.

Na gari la Ngawai lile pale, linakata kona ya kanisani.

Parehuia, ukirudi kwenye daftari hili usinianzishie habari za mvua. Andika kwanza: ulitoka ukamwita, Ngawai akiona?