Nilichosema Kuhusu Nyumba ya Mama

Shoga, rufaa ya kodi ya majengo kwa nyumba ya mama tumeshinda, wameipunguza hadi nusu. Lakini nimefanya unyama.

Nimeiambia kamati nzima kwamba mthamini wao amekosea kuipa thamani kubwa, ile si nyumba, ni banda. Kuta zimepinda, choo kinanuka, hata mbwa hakai. Wakacheka. Nikanogewa, nikaongeza.

Na mama kakaa nyuma yangu. Mama aliyeijenga kwa kushonea watu nguo, tofali moja moja.

Mwenyekiti akamuuliza, "Mama, ni kweli?"

Akajibu taratibu, "Kama mwanangu ndivyo anavyoiona, andikeni."

Ndivyo anavyoiona. Hivyo tu.

 Tumefika nyumbani sasa hivi, nimemwomba radhi mara tatu. Ameniuliza nahama lini.