Kwa wifi yangu, aliyezikunja nywele zangu kwa kanga kuukuu

Wifi yangu Salma,

Tangu uzikwe nimekuwa nikikusemesha peke yangu jikoni, hata jana mume wangu akaniuliza nnazungumza na nani. Nikamwambia nnazungumza na wifi. Hakushangaa. Akasema, "Basi mwandikie, yakutoke moyoni." Ndiyo nimekaa hapa uani Kizimkazi, nguo nshazianua, nikuandikie mambo ambayo mengi uliyajua, ila sikupata kuyasema mbele yako hata siku moja kwa utulivu.

Nianze na siku ile Mwembetanga.

Wakati ule ulinijua kwa jina tu: Mize wa Matemwe, mtoto wa mkulima wa mwani, anayefua mashuka hotelini, aliyemzuzua kaka yako Haji alipokwenda kule kutengeneza mafriji. Nami nilikujua kwa kusikia. Niliambiwa Haji ana dada mkubwa, kaachwa na mumewe kwa kukosa mtoto, karudi nyumbani kwao Kiponda, na funguo zote za nyumba anazo yeye. Shoga zangu wakanambia, "Mume utamuweza, Mize. Wifi huyo humuwezi."

Nilifikia kwa mama mdogo, huko Mwembetanga, na jioni ya kuamkia harusi nikapelekwa saluni. Nywele zangu unazijua: nyingi, nzito, lakini kavu na nyekundu nchani kwa maji ya chumvi na jua la tangu utotoni. Yule msichana wa saluni akaiwasha pasi ya nywele moto wa mwisho, huku kabana simu begani anacheka na mtu. Mara nikasikia harufu. Fungu zima la upande wa kulia, juu ya sikio, likabaki kwenye pasi.

Nilirudi nimejifunika kanga gubigubi. Nyumba ya harusi ikageuka nyumba ya matanga. Huyu anasema nivalishwe nywele za bandia, yule anasema saluni wakagombezwe, mama mdogo analia atamwambia nini dada yake. Katikati ya zogo hilo tukasikia hodi. Ukaingia wewe, mrefu, uso mkavu, umeleta sanduku la bibi harusi.

Nikakuamkia chini ya kanga. "Marahaba," ukasema. "Mbona mnalia?" Ukaja ukanifunua kichwa mwenyewe, ukanigeuza huku na huku kama mtu anayechagua embe sokoni.

"Umeungua?"

"Nywele tu."

"Na ngozi?"

"Haijaguswa."

"Basi hujaungua. Nywele zinaota. Nipeni kanga kuukuu."

Mama mdogo akakimbia ndani akakutolea kanga mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Ukaishika, ukairudisha. "Mpya ya nini, bibi wee? Hii kavu kama karatasi, itateleza. Nnataka iliyochoka." Maskini mama mdogo, akaona haya kumpa mgeni wa heshima tambara. Ukaliona mwenyewe, lile lililokuwa limetandikwa juu ya godoro la mtoto. Ukaling'ata pindo kwa meno, ukavuta, likachanika moja kwa moja hadi mwisho. Ukachana tena na tena, vipande vya upana wa vidole viwili, hata mapaja yako yakajaa vitambaa.

Kisha ukanikalisha chini, baina ya magoti yako. Sikuwa nimekaa hivyo tangu nilipokuwa mdogo nikisukwa na mama. Ukanirashia maji kidogo kidogo kwa vidole, ukapaka mafuta ya nazi nchani, ukagawa nywele kwa mkia wa chanio. Kila fungu ukaliwekea kitambaa nchani, ukaviringa kwenda juu mpaka kufika kichwani, halafu ukafunga fundo. Mara ya kwanza nikakunja uso. "Nimekaza?" ukauliza, na kabla sijajibu ukalegeza. "Ukikaza sana mtu halali, na asiyelala haamki mzuri."

Walipotoka wengine kwenda kula, ukainama ukaninong'oneza, "Wameshakutisha na mie, eti?"

"Naam," nikasema.

Ukacheka, kicheko kizito kilichonitikisa mgongo. "Na mie wamenitisha na weye. Wameniambia akija mke wa Haji, nitafute pa kwenda."

Asubuhi ulifika mapema kabla ya mpambaji. Ukafungua fundo la kwanza, ukatoa kitambaa taratibu, nywele ikateremka ikajikunja kama mche wa mboga unaotafuta mti. Ukafungua la pili, la tatu. Nilitaka kuzichana, ukanipiga kofi dogo la mkono. "Chanio usiliguse. Vidole tu." Ukazipachua kwa vidole, ukazilaza upande wa kulia zikafunika pale palipokatika, na mama mdogo akapiga kigelegele ambacho nadhani Darajani walikisikia. Ukumbini wanawake wakaniuliza nimetengenezwa saluni gani. Nikakutazama. Ulikuwa unagawa sambusa, umenipa mgongo, lakini mabega yako yalikuwa yanacheka.

Miaka yangu ya Kiponda, wifi, mtu akiniuliza nilikuwa naishije, mimi hukumbuka Alkhamisi baada ya Alasiri. Haji yuko kazini, wewe umeshamaliza kupika, tumepanda juu kwenye upepo. Wewe unanifunga mie, kisha mie nakufunga wewe. Nilikuwa na mkono mbaya mwanzoni. Vyangu vilikuwa vinafunguka, asubuhi unaamka upande mmoja umejikunja, upande mmoja umenyooka kama ufagio, na bado ulitoka hivyo hivyo ukaenda kununua mkate, umetanda mtandio wako, ukasema hapana anayekuona isipokuwa Mungu na Mize. Na ile masika nilipokulowesha nywele chapachapa, hazikukauka, ukaamka unapiga chafya na nywele zimelala kama mwani uliotoka kuvunwa. Haji alicheka mpaka akakaa chini.

Hapo juu ndipo uliponihadithia ndoa yako. Hukumlaumu yule mwanamme. Ulisema kitu kimoja tu, kwamba siku uliyorudi kwenu na sanduku lako, hapana aliyekugusa. Walikupokea, walikupa chakula, walikupa chumba. "Lakini mtu akiachwa watu huona tabu kumshika," ulisema, "kama kwamba atavunjika." Mikono yangu ilikuwa kichwani kwako wakati huo. Nikaiacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nawe hukuitoa.

Halafu Haji akafa. Sina haja ya kukuhadithia, ulikuwepo. Alitoka asubuhi mzima, akaanguka kazini, akafikishwa hospitali kesha kata roho. Mimi nikaingia eda. Hakuna mafuta mazuri, hakuna manukato, hakuna pambo. Nywele nikazibana nyuma basi. Wewe ulikuwa dada, sharia imekupa siku tatu tu za kuacha kujipamba. Lakini Alkhamisi ya kwanza ilipita hukufunga nywele, na ya pili, na zote. Hata wanja uliuacha. Siku moja nikakwambia, "Wifi, wewe eda haikuhusu." Ukanijibu, "Najua. Nnakusindikiza."

Siku eda ilipokwisha jamaa walikuwa wameshaanza kuuliza narudi lini Matemwe. Mimi nilikuwa nimekaa chumbani sijui nitoke vipi. Ukaingia na beseni la maji ya vuguvugu, ukanikosha kichwa, ukanikalisha.

"Nimpambie nani?" nikakuuliza.

"Jipambie. Kafa Haji, weye hujafa."

Ukaanza kuviringa, na ulipofika katikati nikahisi tone linadondoka kwenye utosi wangu. Nikadhani ni maji. Likaja jengine la moto. Siku zote za msiba hukulia, wifi. Ulipokea watu, ulipika, ulipanga viatu vya wageni. Siku ile ulilia ukiwa umesimama nyuma yangu, na mikono yako haikuacha kufunga. Sikugeuka. Nilijua ukiona nimekuona utaacha. Wala sikurudi Matemwe. Ulikwenda kuwaambia mwenyewe: "Mize yupo kwao."

Ndiyo maana alipokuja Makame kuniposa, mjane mwenzangu, mwalimu wa Kizimkazi, nilikosa usingizi. Mwanamme nilimtaka. Lakini nilikufikiria wewe peke yako katika nyumba ile yenye vyumba vingi. Nilipokwambia, ukanitazama, ukasema, "Mungu akujaalie kheri," ukaingia chumbani ukafunga mlango. Siku ya posa hukutoka. Nilipohama kurudi Matemwe kungojea nikahi, ulinipa mkono kama mgeni.

Watu wakasema maneno. Wifi kakasirika, wakasema, anaona kaka yake kasahauliwa mapema. Na mimi niliamini hivyo.

Jioni ya kuamkia nikahi ile ya pili nilikuwa nyumbani kwa mama, nimeshakosha nywele, nnajisuka mwenyewe msuko wa kawaida. Hakukuwa na ukumbi wala mpambaji. Mara nakuona mlangoni, viatu vimejaa mchanga, mfuko wa plastiki mkononi. Ukamuamkia mama, ukaja moja kwa moja ukanishika kichwa.

"Umezilowesha mno hizi. Hazitakauka mpaka asubuhi. Lete taulo."

Nikalia pale pale. Ukanifuta nywele, na ukasema, taratibu, mama akiwepo anasikia:

"Nilikasirika, Mize. Watu wanadhani kwa ajili ya Haji. Si kwa Haji. Nilijililia mwenyewe. Nilijiuliza, akiondoka huyu, nani ataniita wifi?"

"Nitakuita mimi."

"Utakuwa mke wa mtu mwengine."

"Nitakuita hivyo hivyo."

Ukaviringa fungu moja, ukalifunga. Kisha ukasema lile neno ambalo mama amelihadithia Matemwe nzima: "Sawasawa. Mume huacha, mume hufa. Lakini talaka ya wifi sijaisikia." Asubuhi yake uliniingiza mwenyewe kwa Makame, ukamwambia mbele ya watu, "Huyu ni wetu. Tumekuazima."

Na ukawa wifi hata huku. Ulikuja Kizimkazi kila Sikukuu. Binti yangu alipozaliwa ukamwita mtoto wa kaka, wala hana tone la damu ya Haji, naye akakuita shangazi kabla hajajua kusema maji. Makame hana dada, alizoea kusema kaoa mke aliyekuja na wifi yake.

Ulipoumwa nilikuja Kiponda. Nilikaa nawe mpaka mwisho, na katika hayo sina la kujuta. Nywele zako zilikuwa zimepungua, nyeupe, laini kama pamba ya msufi. Ulikuwa hutaki kuguswa mwili kwa maumivu, ila kichwa. Nilikuwa nakupitishia vidole tu, unalala.

Jambo moja hulijui, na ndilo hasa lililonifanya nikae niandike. Siku ile asubuhi walipokuja kukuosha, binamu zako walikuwa wamejaa mlangoni. Bi mkubwa aliyesimamia kuosha alikuwa hanijui. Akauliza ndani wanaingia nani na nani. Mmoja akanitaja, akasema, "Huyu alikuwa mke wa marehemu kaka yake, sasa kaolewa kwengine." Bi mkubwa akanigeukia. "Wewe ni nani wake, mwanangu?"

Nikasema, "Wifi yake."

Nilingoja mtu anisahihishe. Binamu zako wakanipisha mlangoni. Bi mkubwa akasogea, akanambia, "Basi shika kichwa."

Nilikukosha nywele kwa maji ya mkunazi, kisha ya kafuri. Nikazichana kwa chanio pana, pole pole, kama unavyotaka. Nikazigawa mafungu matatu kama inavyosuniwa, nikayasuka misuko mitatu, nikailaza nyuma yako. Sikukaza. Na zile chache zilizotoka katika chanio nilizikusanya moja moja kwa ncha za vidole, nikampa bi mkubwa, akazitia pamoja nawe katika sanda. Kila kilicho chako umekwenda nacho.

Lala salama, wifi yangu. Mungu akupanulie kaburi lako, akutilie nuru, na atukutanishe pasipo eda wala safari.

Wifi yako,
Mize