Midomo Iliyosahau Tarumbeta

Moshono, Arusha
11 Februari 2024

Mwanangu Anande,

Salamu nyingi huko Tabora. Natumaini u mzima na wodini wanakupa nafasi ya kupumzika. Mimi naendelea vizuri, isipokuwa mdomo. Tangu kiharusi kile cha Desemba, upande wa kulia umelala. Simu zako sipokei kwa kuwa maneno yanatoka na mate, naona aibu. Mkono, namshukuru Mungu, bado unaandika.

Juzi nilichukua tarumbeta. Hewa ikavujia pembeni, sauti hakuna. Miaka thelathini na moja kwenye bendi ya usharika wetu kanisani, leo noti moja inanishinda! Wewe ni nesi. Niambie, kitu hiki kinarudi?

Baba yako

Tabora
25 Februari 2024

Shikamoo baba,

Pole sana. Nimemwuliza mtaalamu wa mazoezi ya viungo hapa kazini. Anasema ubongo hujifunza upya, ila unataka kurudiarudia. Kaa mbele ya kioo, bana midomo, hesabu tano, achia. Halafu pulizia maji kwa mrija. Dakika kumi, mara nne kwa siku. Tarumbeta liache kwanza.

Mwanao Anande

Moshono
9 Juni 2024

Mwanangu,

Hujambo? Huku baridi imeanza, Mlima Meru hatuuoni kwa mawingu.

Mazoezi sijaacha hata siku moja. Mrija nauweza. Mwezi wa tano nililigusa tarumbeta, ikatoka noti ya sol, safi kabisa. Nililia, mama. Kesho yake haikuwepo. Wimbo wote ninao kichwani, lakini zamani midomo ilikwenda yenyewe, sikuwa nafikiri. Sasa naifikiria, na kadiri ninavyoifikiria ndivyo inavyogoma.

Solomoni, kiongozi wa bendi, ananiita nikapulize Jumapili ya mavuno, mwezi wa nane. Niende?

Baba yako

Tabora
23 Juni 2024

Shikamoo baba,

Nimefurahi mno! Nenda. Sauti iliyotoka mara moja itatoka tena.

Mwanao Anande

Tabora
6 Oktoba 2024

Shikamoo baba,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mama mdogo Vaileth amenieleza yaliyotokea kanisani. Nisamehe. Mwezi wa sita yule mtaalamu aliniambia kuwa kile ambacho hakijarudi hadi sasa huenda kisirudi tena. Nilikuficha, nikakwambia nenda. Sikuweza kukuandikia neno lile.

Mwanao Anande

Moshono
20 Oktoba 2024

Mwanangu Anande,

Salama tu. Sina hasira. Hata ungeniambia, ningekwenda.

Nilisimama mstari wa mbele. Ubeti wa kwanza nilitoa hewa tupu. Wa pili ikatoka sauti kama ya ndama. Watoto walicheka, hao si kitu. Wakubwa waliinamisha vichwa, hapo ndipo nilipoumia. Solomoni akanishika bega. "Mzee Aminiel, pumzika sasa."

Tarumbeta nimelirudisha usharikani. Mazoezi nimeacha, usiniulizie tena.

Siku hizi nasali ibada ya kwanza, ile isiyo na bendi. Ukija Krismasi, tutakwenda wote hiyo hiyo.

Baba yako