Ukuta wa Nyuma ya Altare

Jumapili, alasiri. Manyunyu tangu alfajiri, hewa imepoa. Nimerudi kutoka kanisani kitambo, nimekaa ukingoni mwa kitanda hapa Kiembe Samaki na sijavua hata viatu.

Leo nimesema.

Niandike yote sasa hivi, maana najijua. Nikiyaacha yakalala, kesho nitaanza kujipamba.

Mimi ni fundi mwashi. Kanisa letu ni dogo na la zamani, la mawe na chokaa, na waumini wake si wengi. Mwaka jana ukuta wa nyuma ya altare ulikuwa umechakaa, tukachanga. Mwenye nacho alitoa, asiye nacho naye alitoa. Bi. Tekla, mjane anayefanya kibarua katika shamba la karafuu Kizimbani, alileta sadaka yake kila Jumapili msimu mzima, imefungwa kwenye pindo la kanga. Baraza la kanisa likanunua chokaa na kunipa mimi kazi ya kupiga lipu upya. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia kwamba ukuta wa namna ile hautaki kitu kingine.

Na kweli hautaki. Mawe yale hunyonya maji na kuyatoa. Chokaa inauacha ukuta upumue, saruji inauziba. Lakini chokaa inataka subira. Unapiga tabaka moja, unangoja likauke, ndipo unapiga jingine. Wakati huo nilikuwa nimeitwa kwenye nyumba ya wageni huko pwani, kazi ya malipo mazuri, na mwenye nyumba ananiharakisha.

Basi nikapiga saruji. Siku tatu tu. Juu yake nikapaka chokaa nyeupe ili isionekane. Chokaa iliyobaki nikaipeleka kwenye nyumba ile ya wageni.

Ukuta ukapendeza. Padri alinishukuru mbele ya watu, nami nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Vuli hii ukaanza kutoa chumvi, kisha ukavimba. Alhamisi kipande kikubwa cha lipu kikaanguka kwenye viti vya kwaya. Bahati hapakuwa na mtu. Kila mmoja akasema ni mvua, mvua za mwaka huu zimezidi. Mimi nikaitikia, tena nikaongeza maneno ya kifundi ili waamini zaidi.

Leo baada ya ibada tukabaki kwenye kikao. Mzee Damiani, mwenyekiti wa baraza, akaomba tuchange tena. Watu wakatazama sakafu. Siwalaumu, walishatoa. Ndipo Bi. Tekla akasimama, wa kwanza, akasema yeye atatoa kama alivyotoa mwaka jana, maana hapa ndipo alipofungia ndoa na ndipo alipomuagia mumewe, hawezi kupaacha paanguke.

Sikuwa nimepanga chochote. Nilijikuta nimesimama.

"Msitoe," nilisema. "Ukuta haukuharibiwa na mvua. Nimeuharibu mimi."

Nikaeleza yote, hata chokaa niliyoichukua. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, jambo ambalo linanishangaza mpaka sasa. Nilipomaliza, Mzee Damiani aliniuliza swali moja tu.

"Fundi Beni, kama Bi. Tekla asingesimama, ungesema?"

"Sijui, mzee," nilimjibu.

Na hata sasa sijui.

Wakanitoa nje wazungumze. Nilisimama kibarazani nikiwaza kwamba mji huu ni mdogo na fundi hula kwa jina lake. Waliponiita ndani, uamuzi ulikuwa mfupi. Nitaibandua saruji yote kwa mikono yangu, bila ujira, na chokaa nitanunua mimi. Lakini kupiga lipu mpya sitaachiwa peke yangu. Nitafanya kazi chini ya Fundi Haji wa Malindi hapa mjini, ambaye ndiye aliyenifundisha chokaa nikiwa kijana. Na nimpigie simu mwenyewe.

Nilimpigia palepale. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nije na patasi ndogo, nyundo nzito niiache nyumbani, nisije nikavunja na mawe. Hakuniambia neno jingine. Afadhali angenigombeza.

Mlangoni nilikutana na Bi. Tekla.

"Shikamoo, Bi. Tekla."

"Marahaba."

Alikunjua mwavuli wake taratibu. Nilidhani ameshamaliza, kumbe bado.

"Miye nlikuwa nnakusifu kwa watu," alisema, kisha akashuka ngazi.

Hilo ndilo nililorudi nalo nyumbani. Nilizoea kuiona sadaka yao kama fedha ya kazi, sawa na fedha ya tajiri yeyote. Kumbe nilikabidhiwa siku za watu, siku za mama wa watu akiwa ameinama kwenye karafuu.

Sijisikii mwepesi kama wanavyosema watu waliokiri. Nimechoka tu, na nina njaa kidogo.

Asubuhi saa moja nitaanzia juu, upande wa kushoto, nishuke pole pole. Kazi itachukua wiki nyingi, na safari hii nitazingoja zote. Bi. Tekla ataniitikia tena kwa moyo mweupe? Hilo si langu kuliharakisha.